Moto wa Mukama Hauzimwi kwa Maji

Abwooli wangu,

Kama Mama Achieng amefanya nilivyomwomba, unaisoma barua hii mkiwa Malaba, upande wa Kenya, na daraja liko nyuma yenu. Kaa chini kwanza. Kalia hata begi lako. Nakujua, ukishtuka miguu yako huondoka kabla ya akili, kwa hiyo nimemwambia akushike mkono mpaka ukurasa wa mwisho. Usishindane naye. Unajua mwili wake ulivyo, na wako ulivyo.

Mimi naandika jua likiwa bado juu ya paa la msikiti. Wewe uko ng'ambo ya mtaro, kwa jirani yetu Nnalongo, unasukwa nywele za safari, na nakusikia unacheka. Anakuonya habari za wanaume wa Nairobi, kana kwamba yeye amewahi kufika hata Jinja. Nimekaa mlangoni, karatasi juu ya ungo, na nikiona unavuka mtaro nitazificha chini ya mchele. Mwandiko ukiyumba ni haraka tu. Machozi niliyamaliza juzi.

Habari za sabuni, soksi na kutolala na nywele mbichi nimekusumbua nazo wiki nzima, sitazirudia. Hii ni habari nyingine. Ningeweza kukwambia kwa mdomo leo hii tukinywa chai, lakini ungekataa kupanda basi, na mimi ningeshindwa kukulazimisha. Ndiyo maana nimengoja uwe umevuka.

Mukama wetu hayupo. Hata maneno ya kukwambia nimeyakosa, kwa sababu sisi watu wa Kitara hatusemi mfalme amekufa, tunasema moto umezimika. Na moto haujazimika. Umeuona leo asubuhi juu ya kilima ulipokwenda kununua mkate, unafuka kama kawaida yake. Basi nitasema wanavyosema Wakenya, Mungu anisamehe: amekufa. Amekufa tangu kabla ya mvua ndefu, na moto unaouona tangu siku hiyo ni mimi ninayeuchochea kwa ajili ya mtu aliyekwisha kwenda zake.

Ilikuwa hivi. Unaijua kazi yangu kwa kuitazama ukiwa mbali, lakini kuna mambo sikukuonyesha. Kila asubuhi natoa kaa moja kwenye moto wa lango la Mukama, nalitia kwenye kigae, nampa mzee wa ndani, naye analipeleka chumbani kwa Mukama. Kwa kaa hilo huchemshwa maziwa yake. Jioni kigae hurudi kwangu na jivu. Jivu la kaa lililopulizwa likafanya kazi huwa jeupe na laini kama unga. Jioni ile kigae kilirudi na kaa lenyewe, jeusi, zima, halikuguswa na pumzi ya mtu. Nikamtazama mzee wa ndani. Akatazama miguu yake. Akarudi alikotoka.

Palepale nilipaswa kuchukua maziwa ya jioni na kuyamwaga. Moto wa Mukama hauzimwi kwa maji, huzimwa kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, na anayemwaga ni mwanamke wa nyumba yetu. Ndivyo nchi inavyojulishwa. Bibi yangu alimwaga. Mama yangu alizeeka na kuondoka bila kupata siku hiyo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinua kibuyu, Abwooli, kifuniko nimekivua, nikasikia buti nyuma yangu.

Alikuwa Kapteni, kijana kutoka kambi ya jeshi ya Mbuya aliko Jemadari, mwenye sauti ya upole. Aliniamkia vizuri, akaniuliza habari za mgongo.

"Mama," akasema, "hii moto isizimike. Mvua inyeshe, wewe uugue, isizimike. Umesikia?"

Nikamwambia moto huu una desturi zake.

"Desturi sasa iko kwa Jemadari." Akatabasamu. "Na Abwooli je? Nasikia amekuwa mrefu. Bado anapita ile njia ya gereji akitoka shule?"

Abwooli ni jina la kukubembelezea. Hapa kwetu kila mtoto hupewa moja, na huitwa kwalo na anayempenda au anayemheshimu. Kulisikia kwenye mdomo wake kulinitia baridi mpaka kwenye meno. Nikakifunika kibuyu, nikakiweka chini, nikatupa kuni motoni. Sitakudanganya kwamba nilifikiri. Nilikuona wewe na sketi yako ya shule unapita pale gereji, basi.

Utauliza, moto tu, unamhusu nini Jemadari mwenye vifaru? Swali hilo alilijibu marehemu baba yako kabla wewe hujazaliwa. Alikuwa polisi mgeni kutoka Gulu, amewekwa kulinda lango, na asubuhi yake ya kwanza akainama kuwasha sigara kwenye moto wa Mukama. Nilimpiga na mti wa kuchochea hapa, juu ya goti. Alibaki na kovu lile mpaka tunamzika, na alikuwa akiwaonyesha wageni akisema hiyo ndiyo pete niliyomvisha. Tulipozoeana nikamwuliza kama alijua alichotaka kufanya. Akasema anajua, kwani siku ya kuapa walipanga mstari mbele ya moto huo, kila mmoja akanyoosha mkono juu yake mpaka ngozi ikaungua. "Naapa kwa huyu moto," akasema. "Siku ukizimika, mimi si polisi wa mtu yeyote. Naweza kwenda nyumbani kulima mtama."

Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila askari wa Kitara, yule wa Mbuya, yule wa mpakani, na Jemadari mwenyewe. Kiapo chao kinakwisha na moto. Mukama alipougua, Jemadari alishuka na magari akasema anamsaidia kazi mpaka apone, na kila amri anayoitoa redioni, ya sukari, ya sketi fupi, ya watu wanaochukuliwa saa za chai wasionekane tena, huanza na maneno yaleyale: kwa jina la Mukama, ambaye moto wake unawaka. Maneno hayo ni uongo, na uongo huo unapikwa na mikono ya mama yako.

Unakumbuka mwaka ule Mama Achieng alipohamia Kisenyi kutoka Nairobi na duka lake la vipuri, akawa anakuja kwetu Jumapili akitoka kanisani? Hakuchoka kushangaa. "Kweli Mwingereza hakuwatawala ninyi? Hata siku moja?" Mimi nikivimba kichwa namsimulia: walikuja, wakapigana nasi kule mtoni mpaka wakachoka, wakatia sahihi mkataba, na mpaka leo balozi wao akienda kumwona Mukama anavua viatu langoni, soksi zake tunaziona. Nchi zote jirani zikaangushwa, ya kwetu hapana. Wenzetu walipokuwa wanaimba uhuru, sisi tulikuwa tunawatazama tu, maana hatukuwa tumepoteza kitu. Mama Achieng alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake isiyo na sukari, akasema: "Sawa dada. Lakini mbona foleni yenu ya sukari ni ndefu kuliko yetu?"

Nilimnunia wiki mbili. Siku hizi namcheka nikikumbuka, nami najicheka zaidi. Nilikuwa nimekulea kwa majivuno yale: wewe ni mtoto wa Kitara, dola isiyoanguka, simama wima. Nilikuwa nikitazama mpakani tu ni nani atakuja kutuangusha. Aliyekuja alitoka ndani, amevaa gwanda tulilomshonea wenyewe, anaongea lugha yetu na anajua majina ya kubembelezea watoto wetu. Simama wima, hilo sijalifuta. Ila unapojivunia nyumba uliyozaliwa, uwe unaingia na jikoni kuangalia kinachopikwa.

Sasa sehemu inayoniuma. Mukama akiwa mzima, moto wa lango hulishwa magogo manne yanayotazamana vichwa. Akiugua, mawili. Watu wa Bwaise, hapa mtaani kwetu, hawahitaji gazeti, hutazama moshi. Tangu alipougua nilikuwa naweka mawili, na moshi ulikuwa mwembamba, na watu walikuwa wakipita wameinamisha vichwa. Basi jioni ile, Kapteni amesimama nyuma yangu, mimi kwa woga nikaweka manne. Mwanamke mwingine yeyote angeweza kukosea asidhuru mtu. Mimi kwa kuzidisha kuni nimeidanganya nchi nzima.

Asubuhi nikishuka kilimani nasikia vigelegele. Ulikuwepo, ulinikimbilia ukiniambia Mukama amepona. Nnalongo alikuwa anacheza katikati ya soko na beseni la nyanya kichwani, haidondoki hata moja.

"Mama Abwooli," akaniita, "moshi leo iko mnene! Si nilisema atapona? Sasa mtoto yangu anarudi."

Unajua desturi: Mukama akipona, wafungwa wasio na damu mikononi huachiliwa. Na mwanawe Wasswa, yule pacha mkubwa, alichukuliwa kwa kosa la kucheka redio ilipokuwa inasoma amri. Nnalongo akaniletea mkungu wa ndizi, wa kunishukuru mimi. Nikaupokea, Abwooli. Nikatabasamu, nikasema Mungu ni mkubwa. Wewe ukauliza mbona sili, nikakwambia jino.

Tangu hapo kila Ijumaa amekuwa akilifua lile shati jeupe la Wasswa, analinyoosha kwa pasi ya mkaa, anakwenda nalo kwenye lango la gereza, ili mtoto akitoka asipite barabarani na nguo chafu. Jioni anarudi nalo. Akipita kwetu anauliza, "Moto iko sawa?" Nami namjibu iko sawa. Ijumaa zimepita nyingi. Shati limeanza kuisha kwenye kola kwa kufuliwa tu, hakuna aliyelivaa.

Ningekuwa bado naendelea, sikufichi. Mtu huzoea hata uongo wa namna hiyo, unakuwa kama kuchota maji. Kilichoniamsha ni Kapteni aliporudi juzi na swali jipya. Aliketi kabisa, akakunja miguu kama mkwe.

"Mama, huu moto ukizimika, ule mpya nani anauwasha?"

Nikamwambia ni mimi. Akaandika. Lakini wazee wanaojua bado wapo, na wengine wana njaa, na watamwambia ukweli baada ya siku chache. Jemadari hataki tena kukaa chini ya moto wa mtu. Anataka wake.

Na sasa nisikilize vizuri. Anayelisha moto wa zamani hawezi kuuwasha mpya. Mikono yake imechakaa na Mukama yule, imezeeka naye. Moto mpya hupekechwa kwa vijiti na binti wa nyumba yetu ambaye hajawahi, hata siku moja, kutia ukuni kwenye ule wa kwanza. Bila yeye hakuna moto, bila moto hakuna kiapo, bila kiapo Jemadari ni mtu mzima mwenye kofia. Binti huyo ni wewe. Sina mwingine.

Na desturi inasema haambiwi mpaka siku imekaribia, asije akaishi akiingoja siku ya msiba.

Rudi sasa ukumbuke miaka yote uliyokuwa ukinijia langoni ukiwa mtoto, umebeba kijiti kidogo, unataka kukitia. "Mama, na mimi." Nikakufukuza. Ukaja tena, nikakufukuza na fimbo. Siku moja ulikuja na ukuni mzuri, mkavu, umeuchagua mwenyewe, umeufunga na kitambaa chekundu. Mbele ya wale walinzi wote nikakuambia una mikono ya ovyo, mikono isiyoshika kitu, moto wa wafalme si wa kuchezewa na mtu kama wewe. Walicheka. Ulirudi nyumbani peke yako na kile kitambaa.

Kukukataza kulikuwa kazi yangu. Kukudharau nilikuongeza mwenyewe. Niliogopa nikikukataza kwa upole utazidi kuomba na siku moja nitalainika, kwa hiyo nikachagua neno la kukuumiza ili usirudi. Likafanya kazi, hukurudi. Mpaka leo ukivunja kikombe unasema, "Si unajua mikono yangu." Ukisema hivyo mimi huondoka nikajifanya natafuta kitu uani. Mikono yako haina neno, mwanangu. Katika nchi hii nzima ndiyo mikono pekee niliyoilinda. Nilipaswa kukwambia sitaki, basi, nikunyamazie na nikubebe mgongoni turudi wote. Ukipata mtoto, ukimkataza kitu, mkataze hicho kitu tu.

Na kofi la maziwa pia. Ulikuwa mdogo, umeachiwa sufuria, yakafurika yakamwagika kwenye makaa, nyumba nzima ikanuka. Nilikupiga mpaka baba yako akaingia kati. Ulidhani ni kwa ajili ya maziwa. Ilikuwa ile harufu. Mama yangu alinifundisha niiogope, kwa sababu maziwa yakiungua motoni ndiyo harufu ya mfalme kuondoka. Nikampiga mtoto kwa kosa la harufu. Baba yako aliniambia, "Huyo mtoto wako ana miaka minne, hajamuua Mukama." Nilimnunia na yeye. Nimewanunia watu wengi waliosema kweli.

Basi nimeamua. Hakuna aliyenishauri, na sijasikia amani kama hii tangu Mukama alipougua. Basi lenu linaondoka alfajiri. Mchana mtakuwa mmevuka. Jioni ng'ombe wa Mukama wakirudi nitamkamua mwenyewe yule mweupe mwenye pembe moja iliyolegea, yule anayenipiga teke kila siku. Nitavaa mbugu ya mama yangu, ile nguo ya magome uliyosema inanuka kabati. Nitaingia langoni na kibuyu changu kama jioni zote, Kapteni akinisalimu nitamwitikia, na nitamwaga. Haichukui muda. Jivu likipoa nitakaa juu yake, kwa sababu mwenye moto hukaa juu ya jivu mpaka mwingine uwashwe, na mtu haruhusiwi kumgusa.

Watanigusa? Sijui. Wapo watakaoogopa, kwa sababu nao wana mama zao waliowafundisha. Wapo watakaovua kofia waende kulima mtama. Kapteni simdhamini. Naogopa, usidhani mama yako amegeuka chuma. Ila ule woga wa kwanza, wa kukuona unapita pale gereji, haukuwa na mwisho. Huu nauona unapoishia. Mimi ni mwanamke ambaye nimetunza kaa kwenye kikaango juu ya kabati usiku kucha maji ya Bwaise yakiwa yamefika kwenye kitanda, nawe ukilala juu ya meza. Asubuhi maji yalikuwa bado ndani na uji ulikunywa wa moto. Nikikwambia najua kazi yangu, ujue najua.

Usirudi. Kabla hujaanza kubishana nami hapo ulipokaa, fikiri: ukirudi utampelekea Jemadari kitu pekee alichokosa. Mimi wakinichukua wamepata mwanamke na jivu. Wewe wakikupata wamepata moto. Nenda kajifunze hiyo kazi ya uuguzi, uijue sawasawa, ujisahau ndani yake. Vijiti vimo kwenye begi, ndani ya lile gauni la kijani usilolipenda, nilijua hutalifunua.

Siku moja watakuja wazee kukutafuta, waseme wamempata Mukama mpya, njoo upekeche. Usiwashe kwa sababu tu umezaliwa nyumba hii. Mtazame huyo mtu usoni. Uliza nani amefungwa na nani ameachiwa. Kama hakuridhishi, mikono iweke mfukoni. Na wakija wengine waseme watu wa Kitara hawataki tena moto wa mtu mmoja, wanataka kupanga foleni wapige kura kama wenzao, hilo nalo halinitishi. Dola yetu imekaa muda mrefu kuliko zote, inaweza kukaa chini ipumzike. Vijiti hivyo utakwenda navyo jikoni, upike chai. Utaamua wewe. Bibi yangu, mama yangu na mimi hatukuwahi kuulizwa, na nimefurahi kwamba wewe nakuuliza.

Jambo moja limebaki. Nnalongo anajua.

Nilikwenda kwake jana ulipokwenda kushonesha begi. Sikuweza kuzima ule moto kabla sijamwambia yeye, baada ya ule mkungu wa ndizi. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa kwenye kiti chake. Kwamba Mukama alikuwa amekufa siku aliyocheza sokoni. Kwamba msamaha haukuwapo. Kwamba nilimjibu iko sawa, Ijumaa baada ya Ijumaa. Alikuwa anapiga pasi lile shati. Hakuliacha. Alimaliza mkono wa kushoto, akamaliza wa kulia, akalikunja, akaliweka. Nilidhani atanitemea mate, na ningeyapokea.

Akasema, "Abwooli anajua?"

Nikasema hajui, mpaka avuke.

"Basi avuke kwanza," akasema. "Kesho mlete kwangu, mimi nasuka yeye nywele. Akae kwangu mpaka jioni. Wewe iko na uso mbaya, mama, akikutazama atajua."

Kwa hiyo tangu asubuhi yule mwanamke amekushika kichwa, anakuchekesha, anakusimulia wanaume wa Nairobi ambao hajawaona, ili usinitazame uso. Kesho jioni harufu ikishuka kilimani yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuijua. Amesema atachukua lile shati aende nalo gerezani siku hiyohiyo, asingoje Ijumaa, kwa sababu askari wa kule langoni naye ana kiapo, na kiapo kikiisha anataka kuwa amesimama pale mbele yake. Hivyo usije ukazifumua hizo nywele haraka. Zikae mpaka zijifumue zenyewe.

Mkiwa Nairobi, ukichemsha maziwa kwenye jiko la mafuta la Mama Achieng yakafurika, usikimbilie kitambaa. Yaache yaungue kidogo. Ile harufu niliyokupigia kofi, inuse kwa raha zako, hakuna atakayekugusa. Hapo ujue mama yako alifanya kazi yake, kwa kuchelewa, lakini aliifanya.

Unapoisoma hii moto bado unawaka na ng'ombe bado wako malishoni. Nina mchana mzima wa kungoja, na nimepanga kula vizuri.

Nakuona. Unavuka mtaro, umeinua sketi, unatembea kwa maringo kwa sababu kichwa kimependeza. Amekusuka vizuri kweli, misuko midogo midogo, imelala kama niliyosukwa mimi siku ya kwanza kupanda kilima. Ukifika nitakusifia, lakini si sana, usije ukashuku. Naweka karatasi chini ya mchele.

Karibu ndani, mama. Tule.

Mama yako